Makovník imepasuka? Anza kuuchunguza mjazo

Makovník ikitoka kwenye oveni imechanika ubavuni, mjazo mweusi umechuruzika hadi kwenye trei na kuungulia humo, wa kwanza kulaumiwa huwa hamira. Wa pili ni oveni. Mjazo wenyewe haushtakiwi na mtu, maana ni mtamu na kila aliyepita jikoni ameulamba. Lakini ukiyafuatilia matatizo ya mkate huu moja baada ya jingine, mengi yanakurudisha kwenye lile bakuli la mbegu za popi: zilisagwaje, zilipikwa kwa maziwa kiasi gani, na zilipakwa zikiwa za moto au zimepoa.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nao, huu ni mkate mtamu wa hamira wa Waslovakia. Unga unasukumwa ukawa bapa, unapakwa mbegu za popi zilizosagwa na kupikwa kwa maziwa na sukari, kisha unaviringishwa kama mkeka na kuokwa. Ukiukata unaona mzunguko mweusi ndani ya mkate mweupe. Nyumba nyingi za Slovakia huuoka wakati wa Krismasi pamoja na ndugu yake orechovník, wenye jozi badala ya popi. Mbegu zenyewe, kwa udogo na wingi wake, tangu zamani zimechukuliwa kuwa ishara ya neema, na ndiyo sababu mkesha wa tarehe 24 Desemba ni nadra zikosekane mezani kwa namna moja au nyingine.

Tukubaliane kwanza kuhusu vipimo, tusije tukawa tunazungumzia mikate tofauti. Kwa mikate miwili: unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 200 hadi 220, siagi gramu 100, sukari gramu 70, viini viwili vya mayai, hamira mbichi gramu 20 au ya chenga gramu 7, chumvi nusu kijiko cha chai, na ganda la limau lililokwaruzwa. Mjazo: popi iliyosagwa gramu 250, maziwa mililita 200, sukari gramu 120, siagi gramu 30, na ganda la limau tena. Kuna nyumba zinazotumia mafuta ya nguruwe badala ya siagi. Hilo halibadilishi chochote katika yanayofuata.

Umepasuka

Kabla ya kutafuta sababu, tazama umepasukia wapi.

Ufa mrefu wa ubavuni, karibu na chini, unaokwenda sambamba na mkate, maana yake ni kwamba mkate uliingia kwenye oveni kabla haujaumuka vya kutosha. Ganda la juu liliwahi kukauka, unga wa ndani ukawa bado unataka kupanda, ukatafuta pa kutokea. Safari ijayo, ukishauviringisha na kuuweka kwenye trei, uache dakika 30 hadi 45, kisha ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Alama ikirudi mara moja, subiri. Ikirudi polepole na kubakiza kishimo kidogo, washa oveni. Isiporudi kabisa umechelewa, na dalili zake utazikuta mbele.

Ufa wa juu katikati, mjazo ukiwa umetokota na kutoka nje, ni kazi ya mvuke. Mvuke lazima upate njia. Waokaji wa Slovakia huutoboa mkate kwa uma au kijiti kirefu, tundu moja kila sentimita tano hivi, na vitobo hivyo lazima vipenye tabaka zote hadi chini. Kutoboa ngozi ya juu peke yake hakusaidii kitu. Jambo linalosahaulika ni mpangilio: paka yai kwanza, halafu toboa. Ukitoboa kwanza ukapaka yai baadaye, yai linaziba matundu yote uliyohangaika nayo.

Ukiona umefunguka kwenye mshono, mshono huo haukuwa chini, au mjazo ulipakwa hadi ukingoni. Acha sentimita mbili tupu kwenye ukingo wa mwisho, upake ute wa yai, kisha ukimaliza kuviringisha ugeuze mkate mshono ulalie trei. Ncha mbili nazo zikunjwe kwa chini. Zikiachwa wazi mjazo utatokea huko, na ni sukari hiyo inayoungua na kujaza nyumba moshi.

Ukiwa na nyufa ndogondogo kila mahali, mara nyingi mkono ndio uliokaza mno. Tunapofundishwa kuviringisha kitu tunaambiwa tukikaze, lakini unga wa hamira unahitaji nafasi ya kukua. Viringisha bila kuacha hewa katikati ya tabaka, na usivute. Sababu nyingine ya nyufa hizi ni unga mgumu: ukiona ngozi ya mkate inakauka na kuwa na magamba wakati unaumuka, maziwa yalikuwa machache, au haukufunikwa.

Joto nalo lina sehemu yake. Nyuzi 180, au 170 kwa oveni yenye feni, dakika 35 hadi 40. Anayeanza na 200 ili kuwahi anajitafutia nyufa.

Ndani kuna pango

Nje mkate ni mzuri ajabu. Unaukata, unakuta mjazo umelala chini na paa la mkate limesimama mbali juu yake, katikati hewa tupu. Hili ndilo tatizo linalowakera watu kuliko yote, na ndilo linalotokana na mjazo waziwazi kuliko yote.

Maziwa yaliyobaki kwenye mjazo yakipata moto yanageuka mvuke, mvuke unausukuma unga wa juu kabla haujaiva, unga unaivia huko huko juu. Mjazo kwa upande wake unapoteza maji na kusinyaa. Kila kimoja kimekwenda njia yake.

Kwa hiyo pika mjazo mpaka sufuria ianze kuonekana chini unapokoroga, kisha uache upoe kabisa. Popi iliyosagwa inaendelea kunywa maziwa hata baada ya kuzima moto, na mjazo ulioonekana mwepesi utakuwa mzito nusu saa baadaye. Ndiyo sababu usikimbilie kuongeza chenga za mkate ukiwa bado jikoni na mwiko mkononi. Ngoja upoe, chota kijiko, kigeuze juu chini. Ukidondoka taratibu kwa bonge, uko sawa. Ukichuruzika, hapo ndipo unaongeza kijiko kimoja au viwili vya chenga za mkate mkavu au suji. Usipodondoka hata ukikitikisa kijiko, umezidisha, na kijiko cha maziwa kitaurudisha.

Mjazo wa moto ni kosa tofauti na mjazo mwepesi, ingawa pango ni lile lile. Ukiupaka ukiwa na uvuguvugu, unayeyusha siagi iliyomo kwenye unga na kuiamsha hamira ya tabaka za ndani kabla ya zile za nje. Unga unateleza juu ya mjazo na haushikani nao tena.

Wengine huongeza tufaha lililokwaruzwa, asali, au lekvár, jamu nzito ya plamu isiyo na sukari nyingi. Vyote vinafaa, na lekvár hasa naipenda kwa sababu ukali wake unakata utamu. Lakini tufaha likamuliwe kwa mkono kwanza, na asali ikiingia, sukari ipungue; sukari nyingi inavuta maji na kuulegeza mjazo ndani ya oveni, hata kama ulikuwa mzito kwenye bakuli. Kabla ya kupaka mjazo, upake unga ute wa yai mwembamba. Ute huo ndio unaoshikanisha tabaka.

Pango pia linaweza kutokana na mkate uliozidi kuumuka, ambao alama ya kidole haikurudi. Utalitambua kwa sababu mkate wenyewe utakuwa na matundu makubwa na umelegea, si paa peke yake.

Mjazo una uchungu

Hapa hakuna dawa baada ya kuoka. Karibu nusu ya uzito wa mbegu za popi ni mafuta, na mafuta hayo yanaharibika haraka mbegu zikishasagwa, kwa sababu hewa inayafikia yote kwa mpigo. Pakiti ya popi iliyosagwa iliyokaa dukani miezi kadhaa inaweza kuwa chungu kabla hujaifungua. Nunua nzima, saga siku ya kuoka, na zikibaki ziweke kwenye friza.

Tafuna mbegu chache kabla ya kufanya lolote. Nzuri ina ladha ya karanga na utamu wa mbali. Iliyochacha inauma nyuma ya ulimi na harufu yake inaelekea rangi ya mafuta. Sukari haitaificha, wala ganda la limau.

Kama mbegu ni nzuri na bado mjazo ni mchungu, kumbuka ulivyokwaruza limau: ule weupe ulio chini ya ganda la njano ndio wenye uchungu. Au maziwa yalishika chini ya sufuria, nawe ukayakwangua yote ukayachanganya.

Mbegu zinazotumika Slovakia ni za kijivu kinachoelekea buluu. Zile nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi kwa jina la khaskhas zinatoka kwenye mmea wa aina hiyo hiyo, na zinafaa ukizikosa nyingine, ila ladha yake ni ya upole na mzunguko utakuwa wa kahawia iliyofifia. Anayeuliza kwa nini makovník yake haikuwa nyeusi, jibu huwa ni hilo.

Na kwa wasomaji walioko Ghuba: usisafiri na mbegu hizi. Umoja wa Falme za Kiarabu unazikataza, hata kwa mapishi, kwa sababu ni za mmea uleule wa afyuni. Mbegu yenyewe haitengenezi dawa, ila utomvu wa ganda huacha masalia juu yake, na vipimo vya mkojo vinaweza kuyaonyesha. Mwaka 2023 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwashauri wanajeshi wake waepuke popi kwa sababu hiyo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha masalia hayo kuanzia Julai 2022, miligramu 20 kwa kilo ya mbegu zinazouzwa kwa mlaji. Kwa anayepimwa kazini, orechovník ya jozi haina kesi.

Mjazo unakwaruza meno

Mbegu hazikusagwa. Zilizungushwa tu.

Blenda ya kawaida inazirusha mbegu huku na huku. Nyingi zinatoka nzima kama zilivyoingia, kwa sababu ni ndogo na zinateleza chini ya kisu. Nyumba za Slovakia zina kifaa maalumu, mlynček, kinu kidogo cha chuma kinachobanwa kwenye ukingo wa meza na kuzungushwa kwa mkono. Kinachotoka si unga mkavu. Ni chenga nyeusi zenye unyevu wa mafuta, zinazojikusanya kwenye mdomo wa kinu na kudondoka kwa vibonge, na ukizibana kati ya vidole viwili zinashikana na kukuachia mng'ao wa mafuta. Hicho ndicho kipimo, kwa kifaa chochote utakachotumia. Ukizibana zikatawanyika kama mchanga, endelea kusaga.

Mashine ndogo ya kusagia kahawa inafanya kazi nzuri ukiweka vijiko vitatu au vinne kwa wakati mmoja, pamoja na kijiko cha sukari kutoka kwenye kipimo chako. Sukari inanyonya mafuta na kuzuia popi isigeuke bandiko chini ya kisu. Bonyeza kwa vipindi vifupi, maana mashine ikipata moto na mafuta yanapata moto. Kinu na mchi navyo vinatosha, kwa mwenye mkono na subira. Mwenye blenda tu azichemshe mbegu ndani ya maziwa ya mjazo kwa dakika chache, azifunike zilowe saa moja hadi mbili, kisha azisage zikiwa na maziwa yake. Hazitakuwa laini kama za kinu, lakini zitalika.

Mbegu zilizooshwa zikaushwe kabisa kabla ya kuingia kwenye mlynček. Zikiwa na maji zinaziba meno yake, na kukifungua na kukisafisha ni kazi ya asubuhi nzima.

Unga hauumuki, au unakataa kusukumwa

Sasa zamu ya hamira, ambayo safari hii huenda kweli ina hatia. Iamshe kwanza kwenye maziwa ya vuguvugu kidogo, kijiko cha sukari na kijiko cha unga. Ndani ya dakika 10 hadi 15 inapaswa kuwa na povu. Isipotoa povu usiendelee, kwa sababu gramu 500 za unga na siagi yote hiyo haziwezi kuifufua. Maziwa yaliyokaribia kuchemka yanaiua. Kidole kikistahimili bila kuhisi moto wala baridi, joto linatosha.

Ikiwa povu lilikuwapo na bado unga umelala, fahamu kwamba siagi, viini na sukari vinaichelewesha hamira. Unga wa mkate wa kawaida unaweza kuumuka kwa dakika 45. Huu unahitaji saa moja na nusu, na katika jiko la baridi la Desemba hata saa mbili. Kuongeza hamira mara mbili kutauharakisha, na mkate utanuka hamira. Afadhali kungoja.

Unga unaorudi nyuma kila ukiusukuma hauna kosa. Umechoka na kukandwa. Ufunike, uache dakika 10 hadi 15, kisha usukume tena hadi unene wa milimita nne au tano. Mwembamba zaidi ya hapo unachanika. Mnene zaidi, mjazo unaonekana kama mstari wa kalamu.

Katikati mbichi

Kijiti hapa kinadanganya. Ukikichoma, kinatoka na popi mbichi-mbichi hata mkate ukiwa umeiva, au kinatoka safi kwa sababu kilipita pembeni ya mjazo. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 93 hadi 95 katikati. Asiye nacho aunyanyue mkate na kuugonga chini kwa kifundo cha kidole: sauti iwe ya kitu kilicho wazi ndani.

Waslovakia wanauita zákalec ule mstari wa unga uliogandamana, mzito na wenye unyevu, unaokaa kati ya mjazo na mkate. Ukiuona, rudi kwenye mjazo mwepesi uliozungumziwa hapo juu. Ukiuona pamoja na ganda lililoiva sana, moto wa juu ulikuwa mkali; mkate ukishapata rangi, ufunike kwa karatasi ya foili na uache uendelee. Na kabla ya kulaumu chochote, jiulize kama uliukata ukiwa wa moto. Mkate huu unamalizia kuiva nje ya oveni, na kisu kikiingia mapema kinaugandamiza ukaonekana mbichi hata kama haukuwa.

Umetanda badala ya kupanda

Maziwa mengi au kuumuka kupita kiasi. Lakini hata unga mzuri unatanda ukiachwa peke yake katikati ya trei bapa. Wengi huoka mikate miwili au mitatu bega kwa bega kwenye trei yenye kuta, wakiipaka siagi iliyoyeyushwa pale inapogusana ili isishikane. Mwenye mkate mmoja akunje karatasi ya kuokea mara kadhaa, aisimamishe kila upande mithili ya ukuta.

Rožky hazina michirizi

Hili linawahusu wanaotengeneza bratislavské rožky, vijimkate vya kukunjwa vya Bratislava, ndugu wadogo wa makovník, vilivyosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012 kama chakula cha asili kinacholindwa. Za popi hukunjwa umbo la kiatu cha farasi, za jozi umbo la herufi C, hivyo mnunuzi anajua kilichomo ndani bila kuuliza. Ngozi yake inapaswa kuwa na michirizi ya marumaru, na michirizi hiyo haiji kwa bahati. Paka yai, acha likauke kabisa mahali pa baridi, paka tena, acha likauke tena. Kwenye oveni unga unapanda, lile ganda la yai lililokauka haliwezi kunyooka nao, linakatika vipande vyembamba. Ukipaka mara moja, au ukipaka ya pili wakati ya kwanza bado mbichi, utapata rožky zinazong'aa bila mchirizi hata mmoja. Unga wake pia una mafuta mengi kuliko wa makovník na hauumuki sana, kwa hiyo usishangae ukiwa mzito mkononi.

Mkavu siku ya pili

Umekaa mno kwenye oveni, au umepoa bila kufunikwa. Ukitoka tu upake siagi iliyoyeyushwa na uufunike kwa kitambaa safi hadi upoe, ganda litalainika. Kisha usianze kukata kwenye ncha. Kata katikati, chukua vipande unavyotaka, na uzisogeze nusu mbili zilizobaki zigusane uso kwa uso, halafu uzifunge kwenye kitambaa kilekile. Zitakaa siku tatu hadi nne. Usiweke kwenye friji, kunauchakaza mkate haraka. Ukitaka ukae zaidi, ugandishe kwenye friza ukiwa umeshakatwa vipande.